Mpangaji wa Kwenye Friji

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Hata leo ukimuuliza atakubali, ila atakubali kwa mtindo wake: atakukaribisha kiti, atakupa sababu sita za kwa nini mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya vile vile, halafu kwenye ya saba ndipo atasema, haya, nilikuwa mjinga. Alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na miwili, na mtunza stoo hakiri upungufu mpaka ahesabu tena.

Ilikuwa tarehe mosi ya mwaka, asubuhi, na nyumba nzima ilikuwa yake. Waliishi wawili katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao: yeye vyumba viwili vya mbele, dada yake chumba cha nyuma na jiko. Dada alikuwa mdogo wake kwa miaka mitano, mjane, mshonaji wa sare za shule. Siku hiyo alikuwa ameondoka mapema kwenda kumwona binti yake na angerudi jioni. Kaka alibaki na ndoo, brashi tatu, chupa ya dawa ya madoa na nakala ya karatasi yake yenye vipengele kumi na vinne.

Karatasi hiyo inahitaji maelezo kidogo.

Kaka na dada walikuwa wanatengeneza bia nyumbani. Kaka alipenda kusema "tunatengeneza". Ukweli ni kwamba dada alipika na kaka aliandika. Dada alisaga kimea, ile nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa, akailoweka kwenye maji ya moto, akachuja, akachemsha, akatia hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu wake. Kaka alikaa kwenye kigoda na daftari akirekodi saa na dakika, na mara moja moja akimkumbusha dada jambo ambalo dada alikuwa analifanya tayari. Kwa kazi hiyo alijiona ndiye meneja.

Hawakuwa peke yao. Kulikuwa na kinyozi, ambaye chumba cha nyuma cha duka lake ndicho walichokutania Jumapili mchana, na kulikuwa na mwalimu wa kemia, mtu mpole wa shati lililochomekwa. Watu wanne, wakajipa jina, Kamati ya Povu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwaka, kila mjumbe alisimama na kusoma malengo yake ya mwaka unaokuja, kisha karatasi ikabandikwa ukutani pembeni ya kioo chenye ufa. Kila baada ya miezi mitatu ukasimama mbele ya karatasi yako ukaeleza umefika wapi. Hilo la kila miezi mitatu lilikuwa wazo la kaka. Nani mwingine.

Safari hii kinyozi alisoma wa kwanza. "Lengo langu ni moja. Chupa zisilipuke. Mwaka huu zimelipuka tisa chini ya kitanda, mke wangu akalala sakafuni mikono kichwani akidhani tumevamiwa. Mpaka leo nikisema naenda kujaza chupa, anaenda kwa mama yake."

Mwalimu akasema ataacha kubahatisha joto. Kimea chake kitalowekwa kwenye nyuzi sitini na saba, si sitini na tano, si sabini, hata kama nyumba inaungua.

Dada akasimama bila karatasi, mikono kwenye mifuko ya gauni la kazi lenye nyuzi za kila rangi. "Mimi nataka kupika mara moja kila mwezi," akasema, "na mwaka uishe sijamwaga hata ndoo moja." Kinyozi akampa kipande cha risiti aandike hayo, maana sheria ni sheria, na kikabandikwa.

Kisha kaka akafungua karatasi yake, na ya nyuma yake, na ya nyuma yake.

"Mzee wa stoo," kinyozi akamwambia, "hayo ni malengo au ni katiba?"

"Kwanza, usafi," kaka akasoma, na neno hilo alikuwa amelipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu. "Asilimia tisini ya bia zinazoharibika duniani zinaharibiwa na uchafu."

"Umezihesabu lini?"

"Kaa kimya ujifunze."

Basi ndiyo sababu ya brashi tatu tarehe mosi asubuhi. Alisugua sinki mpaka likaona haya. Alisugua ndoo, mirija, sufuria kubwa ya lita arobaini, vifuniko, vijiko, miguu ya meza. Kila alichomaliza alikibandika lebo: NDOO YA KUCHACHUSHIA, NDOO YA AKIBA, MRIJA SAFI, na mrija mwingine, ambao alikuwa ameusafisha vile vile, akakosa neno, akaandika MRIJA SAFI WA PILI. Saa tano alikuwa amefika kwenye friji.

Mtu asiyejua bia hudhani siri iko kwenye kimea au kwenye hopsi. Navyo vina kazi yake. Lakini kinachoyageuza yale maji matamu yawe bia ni hamira, na hamira ni kitu kilicho hai. Ya dada ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mumewe, aliyekuwa fundi wa pampu, aliileta siku moja ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi; alikuwa amepewa na mteja. Tangu hapo, kila bia ilipomaliza kuchacha, dada aliyakusanya matope yaliyobaki chini ya ndoo, akayasuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, akayaweka kwenye friji mpaka upishi unaofuata, na upishi unaofuata ukaanzia hapo. Mume alikufa, hamira ikabaki. Dada aliiita mpangaji.

"Anakula, anajamba, analala," aliwaambia Kamati. "Sawasawa na mume, ila huyu hanung'uniki."

Kumwingiza mpangaji kwenye ndoo ilikuwa kazi ambayo dada hakumwachia mtu. Alikwenda jikoni peke yake, akarudi na kikombe kimefunikwa kwa kitambaa, akamimina, kwisha. Kaka kwenye daftari aliandika "hamira imetiwa", saa na dakika. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza inakaa kwenye chombo gani.

Rafu ya chini, nyuma ya nyanya, kulikuwa na vyombo viwili visivyo na lebo. Kimoja kilikuwa chupa ya kioo, safi, mfuniko umekazwa, na ndani kitu cheupe, laini, kimetulia kwa heshima zake. Cha pili kilikuwa mtungi wa jamu wa zamani wenye kutu kwenye mfuniko. Ndani kulikuwa na matope ya kahawia chini na maji ya manjano juu, na alipoufungua ukatoa pumzi, fsss, pamoja na harufu ya soksi zilizorudi kutoka safarini.

Sasa, wewe ni mtunza stoo wa miaka thelathini na miwili. Unajua kimoja kati ya hivyo ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya nyumba. Umesoma mahali kwamba hamira nzuri ni nyeupe kama maziwa mazito. Utachagua kipi?

Kaka alichagua. Kwenye chupa nzuri akabandika lebo: HAMIRA, USIGUSE. Mtungi wa jamu akaumimina kwenye sinki, akafuatisha birika zima la maji yanayotokota, na mtungi wenyewe akautumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto dakika kumi, kwa sababu kipengele cha nne kilisema dakika kumi. Alipiga mluzi wakati wote huo. Hata hilo la mluzi atakwambia.

Ilipofika saa nane alikaa na chai yake, amechoka vizuri, na akaona mkono wa shati lake umesimama. Wakati wa kubandika lebo alikuwa ameifungua chupa ile nzuri kuichungulia, ikamdondoshea kidogo. Pale ilipodondoka shati lilikuwa limekauka, gumu kama kadibodi. Akalikunja, likajikunjua. Akalikwaruza kwa ukucha, likatoa unga.

Hamira haifanyi nguo iwe kadibodi. Wanga ndio unaofanya hivyo. Wanga wa kupigia kola za sare za shule, ambao mshonaji mwenye akili huuweka kwenye friji usiharibike.

Alikwenda kuchungulia sinki, kana kwamba mpangaji angekuwa amekaa pale akimsubiri. Sinki lilikuwa linang'aa.

Hapo ndipo palikuwa pa kukaa kitako na kusubiri dada arudi. Alikwisha kaa, kwa kweli. Alikaa kama dakika tano. Kisha akawaza uso wa kinyozi, akawaza ile karatasi yenye mistari miwili ya wino mwekundu ikiwa ukutani pale, na neno la kwanza kabisa, usafi. Kamati wangecheka mpaka wangekufa, halafu wangefufuka wacheke tena. Akainuka, akavaa kofia, akaenda dukani kununua hamira ya mkate.

Aliikoroga kwenye maji ya uvuguvugu na sukari, akatia vijiko viwili vya unga wa kimea ili kuipa rangi ya matope, akaijaza ndani ya mtungi wa jamu, akaurudisha nyuma ya nyanya. Lebo ya kwenye chupa ya wanga akaibandua taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Mtungi aliupaka hata alama za vidole, maana ulikuwa umekuwa msafi kupita kiasi.

Dada alirudi jua likielekea kuzama, akasimama mlangoni mwa jiko na viatu mkononi. "Kaka, umesafisha mpaka naogopa kukanyaga. Yote haya peke yako?"

"Lengo ni lengo."

"Mungu akuweke," dada akasema. Alikuwa anasema kweli. Akampikia chakula kizuri kuliko siku zote, na kaka akala mpaka mwisho.

Jumamosi walipika bia ya mwezi wa kwanza. Dada alipotoka jikoni na kikombe chake alikuwa amekunja uso. "Mpangaji leo amenuna," akasema.

"Mwaka mpya, naye amechoka," kaka akajibu bila kuinua macho kwenye daftari.

Bia ilichacha, hilo lazima lisemwe. Ilichacha kwa fujo, povu likapanda mpaka kwenye mfuniko, likamwagika sakafuni. Haikutaka kutulia. Mwezi ulipoisha wakafungua chupa ya kwanza, na jiko likajaa harufu ya mkate uliosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Dada alionja, akashikilia mdomoni, akameza kwa adabu. Kisha akabeba chupa zote nje, akazifungua moja moja juu ya mtaro. Lita ishirini. Kaka alimshikia taa ya simu, ingawa bado kulikuwa na mwanga. Alihitaji kushika kitu.

"Mwezi wa kwanza tu, na lengo limekwisha kufa," dada akasema.

Maneno yalimfika kaka mpaka nyuma ya meno. Yakapiga foleni hapo. "Labda kimea," akasema.

Basi mwezi wa pili dada akaazima kimea kwa mwalimu, gunia lile lile alilopikia mwalimu mwenyewe. Ya mwalimu ikatoka safi. Ya dada ikatoka mkate. Akaimwaga. Baadaye akaja kusema, amekaa kwenye cherehani bila kushona, mguu juu ya kikanyagio.

"Maji ni yale yale, kaka. Kimea ni cha mwalimu. Vyombo umeviosha wewe, na lebo zinasema. Mpangaji hajawahi kunitupa miaka kumi na mmoja. Sasa hesabu mwenyewe, wewe ndiye mtu wa hesabu. Kimebaki nini?"

Kaka alikuna kidevu. Angeweza kusema sijui. Angeweza hata kukohoa akatoka nje. Kati ya yote aliyofanya mwaka ule, hili ndilo analolipita haraka anaposimulia, na ukimrudisha hapo anaanza kutafuta miwani yake.

"Mambo ya mkono hayo, dada," akasema. "Umri ukifika, mwili hubadilika. Hata jasho halibaki lile lile. Si kosa lako."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetua mzigo, na hakuangalia ameutua juu ya mguu wa nani.

Dada aliinua mkono wa kulia, akaunusa. Akanusa na wa kushoto. Kuanzia siku hiyo ikawa tabia. Akishona, akisimama, mkono puani. Akikata kitambaa, mkono puani. Alinawa kwa limau, akanawa kwa magadi, vidole vikapasuka pembeni mwa kucha, uzi ukawa unamkwama. Mama mmoja aliyekuja kupimisha sare za watoto alimuuliza kama anaumwa, naye akaficha mikono chini ya meza ya kukatia.

Halafu akagundua vidonge. Mwezi wa kwanza alikuwa ameanzishiwa vidonge vya presha kliniki, kimoja kila asubuhi, maisha yote. "Si umeona tarehe?" akamwambia kaka. "Nimeanza vidonge, bia imeanza kuharibika. Vinatokea kwenye ngozi. Ndiyo jasho ulilosema."

Kaka alicheka kidogo, kicheko cha kuzuia mlango. "Aa, vidonge haviwezi."

"Wewe ndiye uliyesema mwili."

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu aliingia jikoni kutafuta chumvi, akakuta pakiti ya vidonge nyuma ya kopo la majani ya chai. Kuhesabu ndiyo kazi aliyoijua. Kwa tarehe ile vilipaswa kubaki tisa. Alihesabu, akahesabu tena. Vilikuwa ishirini na viwili.

Alimkuta dada uani anaanika nguo. "Dada, meza dawa."

"Nitameza. Nikishapika hii ya mwezi wa tatu. Nataka kujua tu."

"Presha si mchezo."

"Najua. Ndiyo nataka kujua haraka."

Palikuwa na kamba ya nguo tu kati yao, na shuka moja lililolowa. Kaka alilishika pembe, akamsaidia kulinyoosha. Akajiambia: Jumapili. Jumapili nitamwambia, nikishapata maneno mazuri. Jumapili ikaja, akakuta maneno bado si mazuri. Dada akapika bia ya mwezi wa tatu amevaa glavu za mpira, amefunga kitambaa kichwani na puani kama daktari wa upasuaji, na kaka kwenye kigoda akaandika: "Vyombo safi. Hamira imetiwa saa nne na dakika kumi."

Walifungua chupa ya kwanza siku mbili kabla ya kikao cha miezi mitatu. Dada hakuhitaji kuonja. Alinusa, akairudishia kizibo.

Jumapili Kamati ilikutana. Kinyozi alikuwa amefagia nywele zikalala kwenye kona, akapanga vigoda vinne. Alisimama mbele ya karatasi yake na kutangaza kwamba katika robo ya kwanza imelipuka chupa moja tu, na hata hiyo ilikuwa ya siki. Wakampigia makofi. Mwalimu akaripoti nyuzi sitini na saba, mara tatu, bila ajali. Ikafika zamu ya dada.

Dada alitoka nje, akarudi ameikumbatia sufuria ya lita arobaini. Aliiweka katikati ya chumba, ikalia kwenye sakafu ya saruji. Akaenda ukutani, akabandua kipande chake cha risiti.

"Kinyozi, sufuria hii chukua wewe," akasema. "Nimemwaga ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mkono wangu umekwisha. Sitaki maneno, sitaki pole. Nitakuwa nakuja kunywa zenu, kama bado mnanitaka."

Kinyozi alitazama sufuria, akaanza kukuna kichwa.

"Mkono?" mwalimu akauliza. "Dada, mkono una uhusiano gani na bia?"

"Umri. Dawa. Jasho. Muulize kaka, yeye ndiye aliyenifumbua macho."

Mwalimu akamgeukia kaka. Kaka akawa anaiangalia sufuria, hasa pale kwenye lebo yake, SUFURIA KUU.

"Subiri kidogo," mwalimu akasema. "Unakumbuka mwaka jana, mwezi wa sita, ulinigawia mpangaji kwenye chupa ya soda? Mimi sikumtupa. Anakaa kwenye friji ya maabara shuleni, namlisha kila mwezi. Nilipika naye mwezi uliopita nikaja na chupa tuonje leo. Sikutaka kusema mpaka ionjwe, mnanijua." Akafungua mkoba, akatoa chupa, akamimina kwenye glasi ya kinyozi ya kuwekea wembe, iliyooshwa, akampa dada.

Dada alionja. Ilikuwa bia yake. Ilikuwa na ule uchungu mwepesi unaokuja nyuma, na harufu ya tunda lililoiva siku ile ile, kama alivyoionja mara ya kwanza miaka kumi na mmoja iliyopita, mumewe akiwa amesimama pembeni anasubiri sifa. Machozi yalimjaa na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake aliogopa hata kuigusisha macho.

"Ni yeye," akasema. "Kwa nini kwako yuko hivi, na kwangu amekufa?"

Sasa tumtazame kaka. Miezi mitatu alikuwa anatembea na jiwe kifuani, na hapa, bila yeye kufungua mdomo, hamira imepatikana, nzima, inapumua. Alijisikia mwepesi kama aliyevuliwa koti la mvua. Furaha ilimpanda mpaka ikampita akili.

"Si ndiyo hivyo," akasema. "Basi mambo yamekwisha. Huyu wa mwalimu hajaguswa na maji ya moto, mbegu ipo, tunaanza upya kesho."

Kinyozi aliacha kukuna kichwa.

"Maji gani ya moto, kaka?" dada akauliza.

Akasema. Kwa kuwa alikuwa mtunza stoo, akasema kwa mpangilio: tarehe, saa, rafu ya chini, chupa ya wanga, mtungi wa jamu, birika, dakika kumi, duka, hamira ya mkate, vijiko viwili vya unga wa kimea. Hakuacha kitu isipokuwa mluzi. Huo aliuongeza miaka baadaye. Alipomaliza, hakuna aliyecheka, na hilo ndilo ambalo halikuwahi kumjia akilini tangu tarehe mosi, kwamba wangeweza wasicheke.

"Ulinipa hamira ya mkate," dada akasema polepole. "Na mimi nikaja kunusa vidole."

"Sikukusudia, dada. Ilikuwa ajali. Yalikuwa matope, kwenye mtungi wa jamu wenye kutu, hauna hata lebo. Mtu yeyote angeyamwaga."

"Angeyamwaga. Hilo nimekusamehe kabla hujamaliza kulisema. Ungeniambia jioni ile ningelia, kisha ningekucheka mpaka mwezi wa sita."

"Sasa kama umesamehe, ugomvi uko wapi?"

"Mzee," kinyozi akasema kwa sauti ya chini, "hapo ungepumzika."

Lakini kaka alikuwa na sababu zake sita, na watu walikuwa wamekaa. "Hapana, tuelewane. Nilikuwa nataka usafi, kwa faida ya nani? Yangu? Bia ni yenu wote. Nikakosea, sawa. Nikasubiri wakati mzuri wa kusema, sawa. Nilikwambia umeze dawa, sikukwambia? Nilikwambia. Na leo kilichopotea kimerudi, kiko hapa mezani, kizima. Hasara ni ndoo tatu. Ndoo tatu, dada, na sufuria unaigawa kama mtu aliyefiwa. Mimi namwambia mwalimu asante, namwambia kinyozi arudishe sufuria, kesho asubuhi nasugua vyombo tunapika. Kitu gani kingine unataka? Hamira ilikufa, hamira imefufuka. Nani ameumia?"

Dada alimrudishia mwalimu glasi yake. Akachukua pochi kwenye kigoda, akaivaa begani, akampita kaka, na kwenye mlango akageuka.

"Hamira uliichemsha dakika kumi, kaka, tena bila kujua. Mimi umenichemsha miezi mitatu, na kila asubuhi ulikuwa unafunua mfuniko kunitazama."